Kudaka Kwanza: Mwongozo wa Kuwafundisha Watoto Mpira wa Mikono

Ukimkabidhi mtoto wa miaka 8 au 9 mpira mbele ya lango, hatauliza kanuni wala hatamtazama mwenzake. Atazikusanya nguvu zake zote mkononi, atauvurumisha mpira, na awe amefunga au amekosa, atageuka hima kuutazama uso wako. Furaha ile ni njema, na mwalimu asiyeipenda haifai kazi hii. Walakini, baada ya miaka mingi ya kusimama na filimbi shingoni katika viwanja vya mchanga na vya nyasi, nimesadiki kwamba anayeanza kuufundisha mpira wa mikono kwa kufunga mabao huwa ameezeka kabla ya kusimamisha nguzo. Nguzo ya mchezo huu ni kudaka: mtoto auone mpira unamjia, asiukimbie, aupokee kwa mikono miwili, na awe mtulivu baada ya kuupata. Ajuaye hayo hufundishika mengine kwa wepesi. Asiyeyajua, hata akijaliwa mkono wenye nguvu za ajabu, huungoja mpira kwa hofu na kuuachia kwa pupa.

Nasema hivi kwa kuwa nilipoanza ualimu nilitenda kinyume. Niliwapanga watoto safu moja mbele ya lango, nikawapa mpira mkubwa kuliko viganja vyao, nikawaacha wapige kwa zamu. Siku ya tatu binti mmoja wa darasa la nne, aliyewekwa golini kwa kuwa hakuna mwingine aliyekubali, alinyoosha vidole kuukabili mpira, nao ukamgonga kwenye ncha ya kidole cha kati. Kidole kikavimba, na kwa juma zima akaandika kwa tabu. Kidole kilipona, lakini tangu siku hiyo kila mpira ulipomwelekea alifumba macho, akageuza uso na kuinua bega, na ilinichukua muhula mzima kumrudishia imani niliyompotezea kwa alasiri moja. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na mwongozo huu nimeuandika ili wewe usilirudie.

Mchezo wenyewe asili yake ni ya shuleni. Mwalimu Holger Nielsen wa Denmark alichapisha kanuni zake mwaka 1906. Baadaye Wajerumani waliupanua uchezwe na watu 11 kila upande katika viwanja vikubwa vya wazi, na kwa sura hiyo ukaonekana katika Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936. Huu wa watu 7 tunaoujua leo uliingia Olimpiki mwaka 1972 huko Munich kwa wanaume, na mwaka 1976 huko Montreal kwa wanawake. Katika bara letu Misri na Tunisia wamejipatia sifa kwa wanaume na Angola kwa wanawake, na nchini Tanzania watoto wengi huukuta kwa mara ya kwanza katika mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Uwanja kamili una urefu wa mita 40 na upana wa mita 20, lango lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2, na mbele yake upo mstari wa mita 6 ambao ndani yake hakanyagi mtu ila kipa. Hayo yajue wewe, maana ndiko unakowapeleka. Mtoto anayeanza hana haja nayo bado. Yeye mpe uwanja wa takriban mita 20 kwa 13, wachezaji wanne na kipa kila upande, na lango ulilolipunguza kwa kufunga kamba kutoka mlingoti hadi mlingoti katika kimo cha mita 1.60, ili mdogo aliyesimama golini asidharauliwe na mipira ipitayo juu ya uwezo wake.

Kuchora mstari wa lango ni kazi ambayo watoto huifurahia, nawe wafanyishe wao. Chukua kamba ya mita 6, au 5 kwa uwanja mdogo. Mtoto mmoja aishikilie chini ya mlingoti, na wa pili aivute hata ikakazana, kisha atembee akiburuta kijiti mchangani kutoka mstari wa nyuma hadi mbele ya mlingoti ule ule, napo patakuwa na robo ya duara. Wafanye vivyo hivyo kwa mlingoti wa pili, halafu waziunganishe ncha mbili kwa mstari ulionyooka wenye urefu sawa na upana wa lango. Juu ya mchoro nyunyiza majivu, kwani chokaa huwasha macho panapovuma upepo. Nusu saa hiyo si hasara, kwa maana mtoto aliyeuchora mstari kwa mkono wake hahitaji kukumbushwa mara kwa mara asiukanyage.

Kabla mpira haujarushwa, kagua mambo mawili bila kuona haya kurudia kila siku. La kwanza ni lango: likiwa halikufungwa imara ardhini, ni la hatari kuliko mpira wowote, kwa kuwa watoto hupenda kuning'inia kwenye mwamba wake, na lango la chuma likimwangukia mtoto laweza kumuua. La pili ni maungo ya watoto wenyewe: kucha zikatwe, pete, bangili na hereni ziwekwe kando, na binti avaaye ushungi aufunge kwa fundo au avae ule ulioshonwa, asiubane kwa pini, maana pini ikifunguka katika msukumano humchoma yeye au mwenziwe. Kamwe usimwambie binti achague baina ya staha yake na mchezo; mpira wa mikono huchezeka vizuri sana kwa suruali ndefu na mikono mirefu.

Mpira nao uwe wa kadiri yake. Ule mdogo ulioandaliwa kwa watoto, namba 1, una mzingo wa takriban sentimita 50 na uzito wa gramu 300 hivi, na kwa walio chini ya miaka 8 hutakiwa mdogo na mwororo zaidi. Kipimo changu hakihitaji mizani: mtoto aushike mpira kwa mkono mmoja, anyooshe mkono, ageuze kiganja kitazame chini, ahesabu mpaka tatu, ukimdondoka, si wake bado. Pasipokuwa na mpira wa dukani, mpira wa matambara uliosukwa vyema kwa kamba unafaa kabisa kwa miezi ya mwanzo, na kwa kuwa hauumizi, katika somo la kudaka nauona bora kuliko ule wa dukani.

Watoto wetu hawaji uwanjani mikono mitupu. Wamecheza rede, mchezo ambao Unguja huitwa nage na Kenya huitwa kati, ambamo wawili husimama pande mbili wakirushiana mpira kwa nia ya kumpiga aliye katikati, naye hukwepa huku na huku, na pengine akajaza mchanga chupani wakati uo huo. Kwa miaka mingi nilidhani mchezo huo ni msaada mtupu, mpaka nilipowatazama kwa makini nikagundua kwamba unamfundisha mtoto mambo mawili yanayopingana. Waliosimama pande mbili hupata mkono mwepesi na shabaha nzuri. Aliye katikati hufunzwa, siku baada ya siku, kwamba mpira unaomjia ni adui wa kuepukwa. Ndiyo maana binti hodari wa kukwepa katika rede aghalabu huwa mzito wa kudaka, na mwalimu asiyejua asili ya jambo humwita mwoga, ilhali mwili wake unatii tu mafunzo uliyopewa. Basi usiuondoe mchezo ule, ila ugeuze sharti lake: kwa mpira wa matambara, aliye katikati akidaka apate pointi mbili, na akikwepa apate moja. Baada ya siku chache utawaona wenyewe wanauendea mpira.

Sasa tukaribie mikono, maana hapa ndipo kazi ilipo. Mwambie mtoto aweke viganja mbele ya kifua, vidole vimetawanyika na kuelekea juu, vidole gumba vikaribiane pasipo kugusana, na vidole vya shahada kadhalika, hata uonekane uwazi wenye sura ya pembetatu. Kisha auchungulie mpira kupitia uwazi ule. Vidole gumba vikiachana sana, mpira hupenya katikati na kumpiga usoni. Vidole vikielekezwa mbele kama mishale, ndipo hugongwa kwenye ncha, kama alivyogongwa binti yangu yule. Viwiko viwe vimekunjwa kidogo, mguu mmoja uwe mbele, naye apige hatua kuuendea mpira badala ya kuungoja. Mpira ukiisha kugusa vidole, mikono irudi nao taratibu kuelekea kifuani, kama mtu apokeaye mtoto mchanga kutoka mikononi mwa mamaye. Anayeukabili kwa mikono iliyokakamaa atauona unaruka na kwenda zake. Ujao chini ya kiuno hupokewa kinyume cha hivyo, vidole vya mwisho ndivyo vikaribianavyo na viganja hutazama juu.

Muanzishe peke yake: aurushe juu, apige kofi moja, adake, akishazoea, makofi mawili. Kisha mpe mwenzake wa kusimama naye kwa umbali wa mita 3, na mwanzoni mpira udunde mara moja katikati yao, kwani ukidunda hupungua kasi na kumpa mpokeaji muda wa kujiweka sawa. Wakidaka mara 20 bila kuangusha, mdundo uondolewe. Wakidaka tena 20, kila mmoja arudi hatua moja nyuma. Nawe jiepushe na neno "usiogope", ambalo sijaona likimwondolea mtoto hofu hata siku moja. Mimi niliandika herufi kubwa kwa chaki pande mbalimbali za mpira wa matambara, nikamrushia yule binti polepole, nikamtaka ataje herufi aliyoiona kabla haujafika mikononi. Siku ya kwanza hakutaja hata moja, maana macho yalikuwa yamefumba. Siku ya nne alisema "Mimu!" kwa matamshi ya chuoni kwake, na mpira ulikuwa umetulia kifuani pake pasipo yeye kujua kwamba amedaka. Hapakuwa na muujiza. Jicho lililoshughulishwa na kusoma lilisahau kufumba.

Kudaka kukishatulia, kurusha hufundishika kwa haraka, kwa sababu mtoto aliyewahi kupopoa maembe ameshaujua mwendo wake mkubwa. Mkono wa kulia ukirusha, mguu wa kushoto hutangulia. Bega la kushoto hutazama anakorusha. Kiwiko hupanda mpaka usawa wa bega au juu yake, mpira ukiwa nyuma ya kichwa. Kisha kiuno huzunguka, bega hufuata, kiwiko hufuata, na mwisho kabisa kifundo cha mkono huuchapa mpira uende. Kasoro ya wapopoaji ni kwamba wamezoea kutazama juu ya mti, kwa hiyo huegemea nyuma na mpira hupaa. Dawa yake ni kuchora duara ukutani katika kimo cha kifua na kuwafanya walilenge kwa umbali wa mita 5. Kasoro ya wasiopopoa ni kuusukuma mpira kutoka shingoni, kiwiko kikiwa chini, na hao uwapigishe magoti mchangani warushe hivyo kwa muda, maana miguu isipowasumbua akili yote hukaa kwenye kiwiko. Atangulizaye mguu usio wake afungwe kitambaa kwenye mguu unaotakiwa kutangulia, na kitambaa kitamkumbusha bila wewe kupaza sauti.

Lipo jambo moja ambalo naomba walimu wa pwani hasa wanisikilize. Tumelelewa kwamba mkono wa kulia ndio wa adabu katika kula na kupeana vitu, na hilo ni jema kwa mahali pake; lakini nimewaona walimu wakimlazimisha mtoto wa mashoto arushe mpira kwa kulia, na huo ni uharibifu. Katika mchezo huu mwenye mkono wa kushoto ni johari: akisimama upande wa kulia wa uwanja, mkono wake huwa kuelekea katikati, na lango humfungukia kwa upana ambao mwenzake wa kulia hawezi kuupata mahali pale. Kati ya watoto 40 utabahatika kuwapata wachache mno. Waache na mkono waliojaliwa, na ukumbuke kwamba kwao ni mguu wa kulia utanguliao.

Baada ya hapo ndipo zije hatua. Kanuni humruhusu mchezaji aliyeshika mpira kupiga hatua 3, na kukaa nao kwa sekunde 3 akiwa hakuudunda. Watoto hulichanganya jambo hili likielezwa kwa maneno, bali likiwekwa katika mdundo hulishika kama ngoma. Chora miviringo mitatu mchangani, mtoto adake akiwa nyuma yake, akanyage kushoto, kulia, kushoto, akihesabu kwa sauti, na kwenye ya tatu arushe. Wenziwe wampigie makofi kwa mwendo ule ule. Wa mashoto akanyage kulia, kushoto, kulia. Futa miviringo pale tu watakapoweza kuipiga hatua hizo huku wakizungumza nawe jambo lingine.

Mchezo ninaoupenda kuliko yote kwa umri huu ni pasi kumi. Watoto wanne kwa wanne, katika mraba wa mita 12 hivi, na hakuna lango: wenye mpira wakipasiana mara kumi bila kunyang'anywa wamepata pointi, na kudunda ni marufuku. Kwa wanaoanza, tano zatosha. Humo mtoto huona mwenyewe kwamba akishapasi hana budi kuondoka aliposimama, maana akikaa pale atakuwa amefichwa nyuma ya mpinzani, na wala huhitaji kumhubiria. Wewe usimtazame mwenye mpira. Watazame watatu wasio nao, kwani makosa karibu yote yako kwao. Ukiwa na watoto 40 na mipira minne, jambo la kawaida katika shule zetu, wagawe makundi manne katika vituo vinne, kudaka, ukuta, hatua na pasi kumi, na kila dakika 8 filimbi ilie wahame. Hakuna mtoto asimame kwenye foleni akingoja zamu. Foleni ndiyo iliyonifundisha mimi kushindwa.

Kudunda mpira nitakupitisha upesi, nako kwachelewa kwa makusudi, kwa sababu mtoto aliyetangulia kufundishwa kudunda hutembea na mpira ameinamisha kichwa na kuwasahau ndugu zake. Inatosha ajue kuudunda kwa mkono mmoja, macho juu, na kwamba akishaushika tena haruhusiwi kuanza upya. Ulinzi nao kwa watoto una msingi mmoja: simama baina ya mpinzani na lango lako, nenda naye ubavu kwa ubavu kwa hatua fupi za kando, mikono juu. Kumvuta mtu kwa nyuma, kumshika nguo, na zaidi ya yote kumsukuma aliye hewani, hilo komesha siku ya kwanza linapoonekana, wala usingoje lizoeleke.

Kipa apatikane kwa zamu na kwa hiari. Anayekubali aanze na mipira ya matambara, ikirushwa kwa umbali anaoujua, kwanza mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto, kisha mguu, ili ajue kabla ya wakati unakokuja na mwili ujifunze kufunguka badala ya kujikunja. Mfundishe kutoka hatua moja au mbili mbele ya mstari wake, maana akisogea hivyo lango hupungua machoni pa mpigaji. Na wapigaji wajue kwamba katika mazoezi hapigwi mtu kichwani. Anayefanya hivyo, hata kwa kuteleza, akamjulie hali mwenzake kabla mchezo haujaendelea.

Kuruka na kupiga hewani ndiko watoto wanakokutamani tangu siku ya kwanza, na sasa, kama wanadaka wakikimbia, wakati wake umewadia. Arushaye kwa kulia huruka kwa mguu wa kushoto, goti la kulia likipanda, na mpira hurushwa akiwa amefika juu, kabla hajaanza kushuka. Mwanzoni mwekee kamba inyooke katika kimo cha goti avuke, mahali penye mchanga laini, na umwangalie anavyotua kuliko anavyopiga: akitua kwa uzito wa ghafla na goti lililonyooka, mrudishe kwenye kuruka bila mpira. Anaruhusiwa kurukia ndani ya eneo la lango, mradi mpira utoke mkononi kabla hajagusa ardhi.

Ikifika siku ya mechi na shule jirani, kubalianeni mapema na mwalimu mwenzako juu ya ukubwa wa uwanja, kimo cha kamba ya lango na mpira utakaotumika. Kwa wenye miaka 8 hadi 12 kanuni huweka vipindi viwili vya dakika 20, na panapokuwa na jua kali ongezeni kituo cha maji katikati ya kila kipindi. Tena mpira wa mikono una ruhusa moja inayomfaa sana mwalimu wa watoto wengi: mabadiliko ya wachezaji hayana idadi, wala hayahitaji ruhusa ya mwamuzi, na aliyetoka aweza kurudi. Waweke walio nje karibu na mstari wa mabadiliko, kila mmoja akijua anampokea nani, na uwazoeze tangu mazoezini kwamba anayetoka avuke mstari kwanza, ndipo anayeingia akanyage uwanja. Akitangulia kuingia hutolewa kwa dakika 2 na timu hucheza pungufu. Nami katika mechi ya kwanza huandika majina yote kwenye karatasi, na kila mtoto aingiapo nikamwekea alama, hata nikaona hakuna jina lililobaki bila alama kabla ya dakika ya kumi ya kipindi cha pili.